Mkono wa Kushoto

Juu ya meza yangu ya kuandikia, kando ya kidau cha wino ambacho siku hizi hakina wino, kipo kirungu kimoja cheusi, kimeviringana mfano wa limau, ambacho wageni hukitwaa na kukigeuzageuza wakidhani ni pambo, na wajukuu hukibingirisha sakafuni wakidhani ni gololi ya majitu. Ni kichwa cha mkono wa gia wa Land Rover ya zamani, ile ya mwili mrefu iliyoitwa mia na tisa kwa kuwa inchi 109 ndizo zilizotenga magurudumu ya mbele na ya nyuma. Wala si kile gari lilichotoka nacho kiwandani, maana hicho kilipasuka, na fundi mmoja akauza hiki badala yake. Utosini kilichorwa tarakimu nne na mistari myeupe ya kumwonyesha mgeni moja iko wapi na mbili iko wapi, lakini viganja vya watu vimezilamba tarakimu hizo hata hazisomeki. Imesalia nne peke yake, na hiyo nayo nusu. Hupenda kudhani kwamba imesalia kwa sababu milimani gia ya nne haikupata kazi nyingi, ijapokuwa akili yaniambia kwamba kiganja hufuta zote sawasawa.

Kilichonirudisha kwenye kirungu hiki ni mjadala nilioukuta barazani, mjini Tanga, jioni moja baada ya magharibi, vijana wakipokezana vikombe vya kahawa na hoja kwa pamoja. Mmoja, ambaye riziki yake ni kuendesha gari la watu, alishika kwamba gari la gia za mkono ni salama zaidi, kwani halimpi dereva nafasi ya kusinzia: mkono una kazi, mguu una kazi, sikio lina kazi, na mtu mwenye kazi hana wakati wa simu. Wa pili akamrudi kwamba otomatiki huacha mikono yote miwili juu ya usukani na macho yote mawili njiani, na usalama gani utakaoushinda huo? Wa tatu, mcheshi wao, akasema gari salama ni lililoegeshwa. Kisha wakanigeukia mimi, kama ambavyo vijana humgeukia mwenye mvi wanapotaka ushahidi na si hukumu, wakaniuliza, "Mzee, wewe uliyeziendesha za zamani, wasemaje?" Nikanywa kahawa yangu mpaka machicha, nikaaga. Jibu sikuwa nalo, na sina hakika kama ninalo sasa. Nilichokuwa nacho ni kirungu.

Gari lenyewe lilikuwa la ami yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akipandisha watu na kuteremsha kabichi, viazi na matunda kati ya Lushoto na Mombo, njia ya kilomita 30 na ushei ambayo huanzia katika joto la mibuyu na mikonge, ikajizungusha kwenye ubavu wa Usambara, ikapita Soni penye maporomoko, na kumfikisha msafiri katika baridi ambayo ndiyo iliyowapendeza Wajerumani hata wakauita mji ule Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Upande mmoja jabali, upande wa pili upeo ambao abiria wa pembeni huutazama mara moja kisha akaanza kusoma dua. Ami alishuka njia ile akiwa amejaza gari hata springi zikalala, na mguu wake wa kulia, nilioukodolea macho kwa saa nzima nikiwa kijana wa miaka kumi na minne, ulikuwa ukiigusa breki kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, mara moja hapa, mara moja pale, basi. "Ami," nilimwuliza, "mbona hukanyagi breki?" Hakunitazama. "Breki ni ya kusimama, mwanangu. Ya kushuka ni gia." Na baada ya kona mbili, kama aliyekuwa akiitafuta sentensi iliyosalia, akaongeza, "Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia."

Maneno hayo husemwa na kila dereva mkongwe tangu mteremko wa Kitonga hata ule wa Sekenke, na kwa miaka mingi niliyachukua kama mtu achukuavyo methali, yaani bila kuyafungua. Siku nilipoyafungua niliona ndani yake hesabu nzito. Tangu Lushoto hata Mombo gari hushuka takribani mita 1,000 za kimo, na mzigo wa tani mbili uliokuwa juu sharti uiache mahali fulani nguvu yote iliyoupandisha. Nguvu haipotei, hubadili mavazi tu, na vazi lake la kawaida ni joto. Joto hilo lingetosha kuchemsha ndoo tatu za maji, zile za lita ishirini. Mchukue sasa dereva anayeshuka kwa breki peke yake: ndoo tatu zile hana pa kuzichemshia ila katika vyuma vinne visivyozidi ukubwa wa sufuria. Ngoma za breki hupata moto zikatanuka na kuzikimbia brekilaini, na brekilaini nazo zikishika moto huteleza. Oili ya breki ikichemka huwa mvuke, na pedali huzama hata sakafuni kama mguu uliokanyaga kinamasi. Ndiyo ile harufu chungu tuliyokuwa tukiivuta pale chini Mombo, lori likiwa limesimama linafuka, na utingo ameruka zamani na kabari yake kulizuia gurudumu. Yule anayeshuka kwa gia huzipeleka ndoo zake kwingine. Injini iliyozoea kuyasukuma magurudumu husukumwa nayo. Mlango wa hewa umefungwa, pistoni zinashuka zikitafuta pumzi nazo hazipati, na katika taabu hiyo ya kukosa pumzi gari huzuilika, na joto likatoka kwa njia ya rejeta na ekzosi bila ya mtu kunusa kitu. Lori la dizeli halina mlango huo wa hewa, ndiyo maana waundaji wake wakalitilia breki ya ekzosi. Na lori la tani thelathini kwenye kimo kile kile hudai ndoo zaidi ya arobaini, si tatu.

Lakini kuiteremsha gia katika gari lile hakukuwa jambo la kusukuma tu. Cadillac ya Marekani ilianza mwaka 1928 kutiliwa vile vyombo vidogo vinavyopatanisha mizunguko ya meno ya gia ili yasipigane yanapokutana. Land Rover, ambayo ilikuwa na haraka ya kufika shambani kuliko haraka ya kustarehesha watu, ilivikosa katika gia ya kwanza na ya pili mpaka toleo lake la tatu, la mwaka 1971. Basi ami alipotaka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili ilimpasa akanyage klachi, aurudishe mkono katikati, aiachie klachi, akanyage mafuta kidogo ili injini iruke hata kiasi ambacho sikio lake, na si saa yoyote ya mbele yake, ndilo lililokijua, akanyage klachi tena, na hapo ndipo mkono ukaingia bila kelele, kama kisu kinavyoingia alani. Mambo sita kwa muda wa kupiga chafya. Nilipojaribu mimi, katika uwanja wa kijiji, meno yalilia hata mbuzi wakainua vichwa, na ami akacheka. Kosa langu, alisema, lilikuwa kukawia pale katikati, pahali ambapo mkono haujashika gia yoyote na ambapo madereva hupaita fri. "Fri ni kizingiti, mwanangu. Hupitwa. Kizingitini hapakaliwi." Na ye yote aliyelelewa Pwani anajua jinsi bibi anavyomfokea mtoto aliyeketi juu ya kizingiti.

Katika nchi zetu, ambazo Waingereza walizirithisha desturi ya kupita kushoto, dereva hukaa kulia, na kwa hiyo gia humwangukia mkono wa kushoto. Klachi nayo, popote pale duniani, ni ya mguu wa kushoto. Nimelistaajabia sana jambo hili. Mkono ambao kwetu haupokei zawadi, haupeleki tonge kinywani, wala haumwamkii mkubwa, mkono ambao kazi zake hazitajwi penye watu, ndio uliokabidhiwa dhima ya kuamua gari lishike mlima au liuache. Na mguu ambao hatuutangulizi tunapoingia msikitini ndio uliowekwa kati ya moto wa injini na uzito wa magurudumu, kama mpatanishi kati ya watu wawili waliokasirikiana, ambaye huwakaribisha polepole, huwatenga, huwakaribisha tena, hata washikane mikono. Balansi, husema walimu wa udereva, na kwa neno hilo wana maana ya ile nukta klachi inapoanza kushika na gari likasita juu ya kilima, halipandi wala halirudi nyuma, likitetema chini ya unyayo kama mnyama anayesikiliza. Mwanafunzi hawezi kuambiwa nukta ile ilipo. Huipata unyayoni, kama mpishi aipatavyo chumvi ulimini, na kila gari lina ya kwake.

Hapa ndipo wapenzi wa gia za mkono huwa na haki, nami nimo miongoni mwao. Gari la aina hii huzungumza na mwili. Humwambia dereva uzito wa mzigo, ukali wa mteremko, uchovu wa injini. Na zaidi ya yote humlazimisha kuwaza mbele, kwani gia ya kushukia mlima haitafutwi katikati ya mlima, wakati mwendo umekwisha kuwa mkali hata meno hayataki kuingiana. Hutiwa juu, kabla ya kona ya kwanza, ilhali njia bado inaonekana kuwa ya amani na abiria wa nyuma wananong'ona kwamba dereva huyu ni mwoga. Manahodha wetu waliijua tadbiri hii kabla ya injini: tanga hutuliwa wingu likiwa bado mbali, kwa sababu dhoruba ikishatua juu ya chombo, foromali haishuki tena kwa mikono ya watu. Sijui elimu nyingine ya chombo inayoipita hiyo.

Laiti ningekoma hapa, vijana wa baraza wangepata jibu, na yule wa kwanza angelipiwa kahawa. Ila mtu akisimama nusu saa tu kituoni na kuyatazama yanayopita, hoja yote hutikisika. Daladala za Coaster na Hiace nilizozipanda maisha yangu yote zilikuwa za gia za mkono. Nimemwona dereva wa mojawapo akibadili gia kwa kiganja huku noti za elfu elfu zimekunjwa baina ya vidole vyake vile vile, simu imebanwa kati ya sikio na bega, usukani umeshikwa kwa kiwiko, na maongezi na kondakta hayajakatika hata neno moja. Na gia, wallahi, iliingia laini kuliko nilivyowahi kuiingiza mimi. Mazoea yameifanya kazi ile kuwa si kazi. Yule kijana aliyesema kwamba mwenye gia hana nafasi ya simu alisahau kwamba mwili wa mwanadamu ukishajifunza jambo hulifanya usingizini, ukarudisha nafasi yote kwa ghururi. Mabasi ya masafa marefu, malori ya makaa na saruji, pikipiki za bodaboda ambazo gia zake hupigwa kwa mguu, vyombo hivyo ambavyo habari zake hutufikia asubuhi kwa sauti ya chini ya redio, kwa miaka mingi vimekuwa vya gia za kutiwa na mtu. Lau gia za mkono zingekuwa hirizi, sisi tungekuwa watu walio salama kuliko wote duniani, kuwashinda Wamarekani, ambao katika kila magari mia mapya wanayoyanunua siku hizi, yenye klachi hayafiki matano.

Na kuna jambo la pili, ambalo sikulisikia likitajwa na hata mmoja pale barazani. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu milioni 1.19 wanaofishwa na barabara kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Tunapouliza gari lipi ni salama huwa tumekwisha kaa ndani yake na kufunga mlango. Mama anayevuka na beseni la samaki kichwani hajui kama gari linalomjia lina pedali mbili au tatu. Anachokijua, kwa kipimo cha jicho, ni kwamba linakuja haraka au linakuja kiada, na gari la kilomita 80 kwa saa humeza mita 22 katika kila sekunde ambayo dereva anafikiri.

Nirudi kwenye kizingiti. Kila mkono wa gia una mahali pale katikati ambapo haushiki kitu, na hapo, kwa kadiri ninavyoona, ndipo lilipo swali lenyewe. Kwa miaka na miaka madereva wa malori wa nchi zetu, hasa kwenye miteremko mirefu, na wenzetu wa Kenya wanaijua vema ile ya Salgaa na Sachangwan katika barabara ya Nakuru na Eldoret, wamekuwa na ada ya kuutupa mkono fri mlimani na kuliachia lori lijiendee kwa uzito wake, injini ikinguruma chinichini, ili mafuta yabaki, na akiba hiyo ikauzwa kwa madumu kandokando ya njia. Mtu aliyepewa uwezo wa kuushika mlima amepewa pamoja nao uwezo wa kuuachia. Haiwezekani kumpa mmoja na kumnyima wa pili, kwa sababu ni mkono ule ule. Lililo chungu ni kwamba biashara yenyewe ni ya hasara. Injini za leo, ambazo kompyuta ndiyo inayozipimia mafuta, zikiwa ndani ya gia na mguu wa dereva umeondoka kwenye pedali, hukata mafuta kabisa, tone haliingii, maadam magurudumu ndiyo yanayozizungusha. Zikitupwa fri hulazimika kuyanywa ili zisizime. Yule anayeachia lori apate nusu ya dumu hupoteza mafuta na breki kwa pamoja, na nisiseme alichobakiza.

Baada ya hapo huitwa ajali. Neno hili tulilipokea kwa Waarabu, na kwao ni muda uliowekwa, hasa ule muda aliopimiwa mja kuishi, usiosogezwa mbele wala nyuma. Nasi tukalipokea na maana hiyo, kisha taratibu tukalihamishia kwenye gari lililopinduka, hata leo polisi, bima na gazeti wote hulitumia bila ya kusikia mauti iliyoandikwa ndani yake. Sidharau imani iliyo katika neno. Mwenyewe nimesimama kaburini nikalisema, na lilinifaa. Ila nashuku kwamba limetuzoeza uvivu wa namna fulani, kwani mwenye kusema ajali haikimbiliki hasemi ndoo arobaini za joto zilipelekwa wapi, na mwenye kusema chombo cha kuzama hakina usukani hasimulii ni nani aliyeung'oa usukani huo, na saa ngapi, na kwa bei gani. Wahenga hawakosei, lakini methali ile ilitungwa na watu ambao walikuwa wamekwisha kutia kalafati, wakaangalia nyota, wakatua tanga, na baada ya yote hayo chombo kikazama. Wao walikuwa na haki ya kuisema.

Binti yangu ana gari dogo la Kijapani, la mkono wa pili, jeupe, la otomatiki, lililofika bandarini likiwa bado na stika ndogo za Kijapani kiooni ambazo mpaka sasa hatujui zinasemaje. Siku ya kwanza aliponipa niliendeshe nilikaa kwa fahari ya mtu aliyeishinda Land Rover, nikatoka nalo vizuri hadi barabara kuu, na nilipokaribia kivuko cha wenda kwa miguu mguu wangu wa kushoto, bila ya kuniomba ruhusa, ulikwenda kuitafuta klachi, ukaikuta breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote za miaka arobaini. Gari lilisimama kama lililopigwa ukuta. Miwani yangu iliruka hadi kwenye dashibodi, na bajaji iliyokuwa nyuma ilikwepa kwa upana wa shubiri, dereva wake akanitaja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. "Baba," alisema binti yangu baada ya kimya kirefu, "huo mguu wa kushoto, tafadhali, uukunje uuweke chini ya kiti." Mazoea yaliyoniokoa mlimani yalitaka kuniua tambarare. Tangu siku hiyo nimepunguza kuwasema watu wa pedali mbili.

Lakini hofu yangu juu ya pedali mbili haikwisha, ila imebadilika sura. Wajapani, ambao ndio wanaotuletea magari haya na ambao tangu mwaka 1991 hutoa leseni ya otomatiki peke yake, wamepata kuomboleza sana juu ya mguu unaokosea: mwezi wa Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro mjini Tokyo, mzee wa miaka 87 alikanyaga mafuta akiamini anakanyaga breki, na kadiri gari lilivyozidi kukimbia ndivyo alivyozidi kukandamiza, na mama na bintiye mdogo waliokuwa juu ya baiskeli wakafa. Katika gari la klachi mtu aliyefadhaika hukandamiza miguu yote miwili, na injini hulia bure bila kumfikia mtu. Au huiachia klachi kwa kishindo, gari likaruka mara moja na kuzima. Kuzima kule, ambako kila mwanafunzi hukuonea haya, ni aina ya rehema. Wakati huo huo mzee yule yule ndiye anayehitaji kupunguziwa kazi: watafiti wa Uswidi waliwatazama wazee barabarani wakaona makosa yao hupungua wakipewa otomatiki, ilhali wale wa Chuo Kikuu cha Virginia, mwaka 2006, waliwaweka vijana wachache wa kiume, wenye akili isiyotulia mahali pamoja, katika mashine ya kuigizia udereva, wakaona gia za mkono huwazidishia utulivu. Kijana apewe kazi, mzee apunguziwe. Hata jikoni huwa hivyo.

Nayo mashine haikukaa ikitungoja tumalize ubishi. Tangu General Motors walipoiweka otomatiki yao ya kwanza katika magari ya Oldsmobile, mwishoni mwa mwaka 1939, chombo kile kimekuwa kikijifunza, na sasa malori mapya ya Ulaya hujibadilia gia yenyewe, na mengine, jambo lililonichekesha nilipolisoma, yamefundishwa hata fri: penye mteremko mwepesi huiachia gia kwa muda ili kubana matumizi, na mwendo ukizidi kipimo huishika tena kabla dereva hajajua. Mashine inakipita kizingiti wala haikikalii, na katika hilo ami asingekuwa na la kuiambia. Gari la umeme limekwenda mbali zaidi, halina gia za kuchagua wala klachi, na linaposhuka mlima huzitwaa zile ndoo tatu na kuzirudisha kwa sehemu kubwa ndani ya betri, zikawa za kupandia kesho. Wajukuu wangu watausoma ubishi wa barazani kama sisi tusomavyo ubishi wa watu waliouliza iwapo tanga la mkeka hushinda tanga la nguo.

Tulipanda Lushoto mwezi uliopita, mimi na binti yangu, kwa mazishi, tukashuka siku ya pili kwa gari lake jeupe. Kabla ya kuiacha barabara ya juu nilimwonyesha chini ya ile D alama mbili za mwisho katika safu, 2 na L, ambazo hajapata kuzigusa tangu alinunue. Akaniuliza ni za nini, nami nikamjibu kwa maneno ya ami, neno kwa neno, kwa kuwa sikuwa na mengine. Hakusema kitu. Juu ya Soni, kona ya kwanza ikiwa bado mbali na njia ikionekana ya amani kabisa, aliuvuta mkono hadi 2, injini ikapandisha sauti yake ile ya kukosa pumzi, na gari likajizuia, likanyenyekea, likaanza kushuka kwa hatua za mtu mzima. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukibisha hodi kwenye breki, mara moja hapa, mara moja pale. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, upande wa jabali, nikijisemea moyoni kwamba nimetulia, mpaka alipocheka na kunionyesha kwa kidevu sakafuni, ambako mguu wangu wa kushoto ulikuwa umelikandamiza zulia, na kisigino kimekwisha kulikunja.